Saizi ya Mama

Wako watu wakipanda ndege wanaogopa kuanguka. Kinyozi aliogopa kupitwa. Tangu alipoketi kwenye kiti kile cha daraja la kwanza, kiti chenye ukuta wake na mlango wake wa kuteleza kama chumba cha mpangaji aliyebahatika, mikono yake haikutulia. Alibonyeza hapa, miguu ikainuka. Akabonyeza pale, kitu asichokiona kikaanza kumkanda mgongo. Akashtuka, akashika nyonga.

"Kitinda! Njoo uone, kiti kinanitekenya!"

Kitinda ndiye binti yake wa mwisho. Jina hilo la nyumbani lilimganda tangu alipozaliwa na hakuna aliyemfuata. Kazini alikuwa mhudumu wa daraja hilohilo la kwanza, mwenye sketi isiyo na kunyanzi na nywele zilizobanwa mpaka nyusi zikakaa macho.

"Baba, punguza sauti. Huku watu wananong'ona."

"Wananong'ona kwa nini, kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa si wewe!"

"Mimi nimepona. Muulize yule daktari. Kanitia chuma nyongani, sasa hivi nikipita karibu na sumaku, mama yako itabidi anishike mkono nisinase."

Kitinda akacheka. Alicheka kama alivyofundishwa kazini, kwa midomo na mashavu, macho yakibaki zamuni. Akamfunga baba yake mkanda, akaukaza taratibu upande wa jeraha, akaondoka kwa hatua fupi kuelekea jikoni. Alipofika nyuma ya pazia alishika meza ya chuma kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ndege isipinduke.

Mama yake hakuwa na mkono wa kumshika mtu tena. Alikuwa amekwisha kuzikwa, na baba mtu hajui.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mzee alipelekwa nchi ya mbali kubadilishiwa nyonga. Huku nyuma, katika wiki hiyohiyo ya upasuaji, mama alikuwa anaanua nguo kambani, akakaa chini kama mtu aliyechoka, asiinuke tena. Daktari akasema presha ya mzee haichezewi, jeraha bado bichi, asishtuliwe. Familia ikakaa. Kaka mkubwa, ambaye akisema jambo huwa amekwisha kulifunga na kufuli, akatoa uamuzi: wodini asiambiwe. Kila mzee alipopiga simu kumtafuta mkewe, kaka alijibu kwamba simu ya mama imeingia maji.

"Lakini asikanyage ardhi ya nyumbani hajui," kaka alimwambia Kitinda. "Watu watakuja kumpokea wanalia. Ajue kabla, tena kwa mtu wake. Wewe ndiye utakayekuwa naye. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Usije ukaniambia ulishindwa."

Kitinda aliomba zamu ya safari hiyo. Akaomba pia ofisini baba yake asikae kwenye kiti cha kukunja miguu, akaeleza sababu, na wakubwa wakatoa kiti kilichobaki wazi daraja la kwanza. Alimchukua hospitalini asubuhi. Angemwambia ndani ya teksi, lakini mzee alikuwa anamfundisha dereva namna ya kunyoa ndevu bila kutoka vipele. Angemwambia uwanjani, lakini mzee akawa anawachungulia vichwa wasafiri wote, akitoa hukumu: huyu kanyolewa na mtu mwenye hasira, huyu kajinyoa mwenyewe gizani. Ikafika saa ya kupanda ndege, na neno bado hajalisema.

Msimamizi wao, mwanamke mrefu ambaye wahudumu walimwita Mama Kanuni akiwa hayupo, na mara mojamoja akiwepo, alikuwa amewaonya timu nzima kabla abiria hawajaingia. Kwenye tableti ya kazi, mbele ya kila kiti, huandikwa habari za mgeni: huyu ana siku ya kuzaliwa, apelekewe keki, wale ni maharusi, watandikiwe vitanda vilivyoungana, huyu hali karanga. Mbele ya kiti cha Kinyozi paliandikwa kuwa amefiwa na mkewe.

"Huyu mzee asipewe pole na mtu," Mama Kanuni alisema. "Hajui. Binti yake atamwambia mwenyewe, kwa wakati wake. Nikimsikia mtu anatoa pole, ataosha vyoo mpaka tutue."

Ndege ikapaa. Kitinda akapitisha vitaulo vya moto kwa koleo la fedha.

"Hiki nile?" Kinyozi aliuliza.

"Ujifute uso, baba."

Mzee akajifuta uso, shingo, masikio yote mawili, na kama asingezuiwa angehamia kwapani. Akakikunja vizuri, akakitia mfukoni.

"Kinarudi hicho."

"Kirudi wapi? Mama yako lazima akione. Nikimwambia kwa mdomo mtupu atasema dawa za usingizi zimenipanda kichwani."

Kisha ikaja ile sehemu ya kugawa nguo za kulalia. Daraja la kwanza halilali na suruali; kila mgeni hupewa nguo laini za kijivu ndani ya mfuko wa kitambaa, ndara zake, na kipochi cha mafuta na marashi. Kinyozi alizishika zile nguo, akazisugua kwa vidole viwili, akapiga mluzi ambao mgeni wa kiti cha mbele, bwana mmoja aliyenuna tangu uwanjani, aligeuka kuutafuta.

"Hizi nakwenda nazo?"

"Ni zako."

"Basi nipe na za mama yako."

Kitinda alisimama na mifuko mikononi.

"Usinitolee macho. Nikifika nyumbani nimevaa hizi mimi peke yangu, nitalala nje. Unamjua. Nitafutie saizi yake."

Hapo ndipo angesema. Mlango wa kile chumba kidogo ulikuwa karibu, ungetelezeshwa tu. Lakini chakula kilikuwa njiani, na katika kazi ile kuna jambo moja wanalofundishwa kabla hata ya kufundishwa kuzima moto: mgeni haambiwi jambo baya akiwa na njaa. Mzigo wake umepotea? Ale kwanza. Ndege ya kuunganisha imemwacha? Ale kwanza. Kitinda alikuwa ameishi na sheria hiyo miaka mingi, mpaka ikawa sehemu ya damu yake. Akaenda kabatini, akapekua mifuko, akarudi na mmoja.

"Hizi ndogo zitamtosha," alisikia sauti yake ikisema, laini, ya kazini. "Amepungua siku hizi."

"Amepungua? Kisa?"

"Si wewe, baba. Anakuwaza."

Kinyozi alifurahi mpaka akaona haya. Akaupapasa ule mfuko mdogo, akauweka kwenye begi lake, chini kabisa, pasipofinywa na kitu.

Chakula kilikuja kwa mafungu, kama kawaida ya kule mbele ambako hakuna anayeshiba haraka. Kitambaa cheupe kilitandikwa. Vikaja vijiko vya kila aina, mzee akaviita ukoo mzima wa vijiko. Yakaja mayai madogo meusi ya samaki juu ya barafu, kijiko chake cha lulu.

"Haya ndiyo matajiri wanayogombea?" akaonja. "Wangeniuliza mimi ningewaambia waache kugombana."

Ikaja nyama laini, ikaja mboga iliyopangwa kama maua, ikaja mikate midogo ya moto, mzee akala kidogo na kusifia sana. Vichupa viwili vya kioo vya chumvi na pilipili navyo vikatoweka mezani. Kitinda aliviona vikiondoka, akanyamaza. Mama alikuwa na tabia ya kulalamika kwamba chumvi ya nyumbani inashika unyevu.

Sahani zikaondoka. Sasa amekula. Kitinda alikausha mikono, akavuta pumzi, akaenda. Akamkuta baba yake amelaza kiti chote kikawa kitanda, blanketi mpaka kidevuni, anakoroma kwa amani ya mtoto aliyenyonya.

Sheria nyingine hiyo: mgeni aliyelala haamshwi. Kitinda alisimama mlangoni akitazama ule mdomo uliofunguka kidogo. Moyoni, na hili hakupenda kulijua, alishukuru.

"Umemwambia?" Mama Kanuni alimuuliza jikoni.

"Amelala."

"Kitinda."

"Akiamka. Nitampa chai, halafu nitamwambia."

"Ukishampa chai utataka apate na biskuti."

Kitinda alichukua limau, akaanza kukata vipande vyembamba ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Kilichosahaulika ni kwamba rubani naye ana tableti yake. Onyo la Mama Kanuni liliishia kwa wahudumu; mlango wa marubani ulikuwa umefungwa wanapanga safari yao. Na shirika lile lilikuwa na desturi yake ya zamani: safari ndefu ikifika katikati, rubani mkuu akimwachia mwenzake usukani, hutoka kusalimia wageni wa daraja la kwanza, mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Wote waliijua desturi hiyo. Ilikuwa ya kawaida mno kukumbukwa.

Kitinda alisikia sauti yake kupitia pazia. Aliwatania maharusi. Alimuuliza yule bwana aliyenuna kama amepumzika. Kisha sauti ikashuka, ikawa nzito na ya heshima, karibu kabisa na kiti cha baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo nimeamka sasa hivi. Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndiye mimi."

"Unaendesha vizuri. Mashimo machache tu."

"Asante, mzee." Rubani akainama. "Nimeona taarifa zako. Pole sana kwa kufiwa na mkeo. Sisi sote humu tuko pamoja nawe."

Kinyozi akacheka. Kicheko kizuri, cha duka la kunyolea, cha mtu aliyezoea wateja kuchanganya mambo.

"Umekosea kiti, mwanangu. Aliyefiwa nadhani ni yule bwana wa mbele, kanuna tangu tuondoke. Mke wangu mimi yupo nyumbani, ila kaosha simu."

Kitinda alikuwa amekwisha kufika pale, kisu cha limau bado mkononi. Hakujua ametokaje jikoni. Rubani aligeuka akamwona. Mzee akafuata macho ya rubani, akamwona naye, na kile kicheko kikabaki usoni mwake kwa muda, kimeachwa peke yake, hakina pa kwenda. Maana uso wa Kitinda haukuwa wa kazini tena. Ulikuwa uso wa mtoto wa nyumbani aliyevunja kitu.

"Kitinda," baba yake alisema. "Huyu anasema nini?"

Rubani alitaka kuomba radhi, Mama Kanuni akamshika kiwiko akamwondoa. Akamnyang'anya Kitinda kisu.

"Ingia," alimwambia. "Kaa naye. Upande wako naushika mimi."

"Hairuhusiwi kukaa kwenye..."

"Nimesema kaa."

Mkabala na kitanda kulikuwa na kiti kidogo cha mgeni wa mgeni, matajiri wanapotembeleana angani. Kitinda akakaa hapo. Mlango ukateleza, ukafunga.

Kinyozi alikuwa ameinuka kitako. Hakupiga kelele. Aliweka mikono juu ya blanketi, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Lini?"

"Wiki ile ya upasuaji."

"Wiki ile? Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa anaanua nguo."

"Na simu?"

"Haikuingia maji."

"Nani aliyetunga?"

"Kaka."

"Nikajua tu. Mama yako hawezi kuosha simu, mwanamke yule anafunika hata redio." Akakohoa. "Nilimcheka, Kitinda. Wodi nzima nimeihadithia. Manesi wote. Kila asubuhi wananiuliza, simu ya bibi imekauka? Tunacheka. Nimemcheka marehemu wodi nzima."

"Hukujua, baba."

"Sikujua kwa sababu mlinificha."

Nje mtu aligonganisha glasi. Kinyozi alivuta begi lake, akachomoa ule mfuko mdogo wa kijivu kutoka chini kabisa, akauweka mapajani mwa binti yake.

"Mengine nayaelewa," alisema. "Daktari kasema, kaka yako kaamua, sawa. Hili nieleweshe. Nilikuambia nitafutie saizi yake, ukaenda. Ungerudi mikono mitupu ukasema zimekwisha, ningekuamini. Lakini ulitafuta. Ulichagua. Ukaniambia amepungua."

Kitinda alifungua mdomo, machozi yakatangulia.

"Nilitaka ule kwanza."

"Nile?"

"Kazini ndivyo tunavyofundishwa. Mgeni hatumwambii jambo baya ana njaa."

"Mimi ni mgeni?"

Kitinda alilia kama hajawahi kulia akiwa na sare, kwa makamasi na sauti, wanja ukimchirizikia mpaka kwenye kola nyeupe. Baba yake alimtazama, machozi yake yeye yakishuka kimya kwenye mifereji ya mashavu, hayafuti. Baadaye akauliza:

"Wewe ulikuwa naye?"

"Hapana. Nilikuwa angani."

"Uliambiwa na nani?"

"Na ofisi. Nikishatua." Akajipangusa kwa kiganja. "Ndiyo desturi yao, baba. Mhudumu akifiwa akiwa safarini haambiwi, asije akaharibu kazi. Walijua tangu tunapaa. Nilimwaga chai, nilitania watu, nilimwimbia mtu wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mama yuko chini ya shuka, mimi naimba. Nilipovua aproni ndipo wakaniita pembeni."

"Ukafanya nini?"

"Nikawatukana."

"Wakubwa?"

"Wote. Mpaka mlinzi wa getini, na yule maskini hakujua lolote."

Kitu kilipita kwenye midomo ya mzee, kikataka kuwa kicheko, kikakosa nguvu.

"Umewasamehe?"

"Bado."

"Basi na mimi usinikimbize."

Ndege ilitikisika kidogo, ikatulia. Kinyozi aliuliza mama alivalishwa nguo gani, Kitinda akamweleza. Akauliza nani alimsuka nywele. Akaambiwa ni jirani, kwa sababu wao wenyewe hawakuweza. Akauliza kama kaburi liko palipo na kivuli, maana mkewe hakuwa mtu wa jua. Lipo kwenye kivuli.

"Pembeni yake mmeacha nafasi?"

"Kaka aliiacha."

"Angalau hapo alitumia akili."

Kisha aligeukia ukuta akajifunika blanketi mpaka kichwani, na Kitinda akaona lile blanketi zuri, zito, la watu wenye uwezo, likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, bila sauti yoyote, kwa sababu aliambiwa huku watu wananong'ona. Kitinda alitamani baba yake apige yowe. Alitamani abonyeze kila kitufe. Aliweka mkono mgongoni mwake, juu ya blanketi. Mkono haukutupwa, wala haukupokewa.

Taa za mikanda zilipowaka, Mama Kanuni akagonga kwa ukucha mmoja. Milango ya vyumba hufunguliwa wakati wa kutua, na mhudumu lazima akae kwenye kiti chake karibu na mlango wa ndege. Hilo hata Mama Kanuni hakuweza kulilegeza. Kitinda alisimamisha kiti, akamfunga baba yake mkanda. Alipotaka kuondoka, mzee akamshika kifundo cha mkono.

"Kaka yako yuko hapo nje?"

"Yuko."

"Atakuuliza."

"Najua. Nitamwambia ukweli, nilishindwa."

"Utanyamaza." Mzee hakumtazama. Alitazama dirishani, paa za mabati zikianza kukua chini yao. "Umeniambia wewe. Ulinikalisha, ukanishika mkono, ukaniambia. Mapema. Umesikia?"

"Baba..."

"Usifurahi, sijakusamehe. Sitaki tu mgombane juu ya kichwa changu, na wa kuwanyamazisha hayupo."

Kitinda akaenda kukaa kwenye kiti chake, uso kwa abiria, mgongo kwa rubani. Kutoka pale alimwona baba yake mzima, kutoka viatu mpaka kichwa ambacho hakikuwa kimenyolewa muda mrefu. Magurudumu yaligusa ardhi. Maharusi wakapiga makofi.

Mama Kanuni aliwaaga wageni peke yake mlangoni, akamwachia Kitinda amsukume mzee mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu. Walipita walipogongewa mihuri ya pasipoti, wakapita kwenye mizigo. Vioo vya ukumbi wa mapokezi vilipofunguka, kaka mkubwa alikuwa mbele ya watu wote, shati limemkaa vibaya, amekonda. Hakumtazama baba kwanza. Alimtazama Kitinda, jicho likiuliza.

"Ameniambia," Kinyozi alisema kabla hajaulizwa mtu.

Kaka akapiga magoti palepale kwenye sakafu, mbele ya wapita njia na matoroli yao.

"Tusamehe, baba. Amekuambia vizuri?"

Mzee alijaribu kujibu. Midomo ilikwenda, sauti haikuja. Akainua mkono kutafuta kitu cha kushika nyuma yake, Kitinda akaupokea, na kinyozi yule ambaye hakuwahi kukosa neno kwa mteja yeyote akatikisa kichwa chake kuitikia, ndiyo, vizuri, akaendelea kutikisa hata baada ya kaka kuinama na kuanza kulia magotini mwake.